Kabla ya Kuwasha Amplifaya, Kaeni Kikao

Vijana wanaotaka kuanzisha bendi ya roki huuliza mambo yaleyale: tununue gitaa gani, turekodi studio gani, meneja tutampata wapi. Ni nadra kumsikia anayeuliza swali lililo zito kuliko yote hayo: tutagawanaje? Sizungumzii pesa peke yake, maana mwanzoni pesa hakuna. Tutagawanaje nyimbo, jina, vyombo, kazi ya kubeba spika saa nane usiku, na haki ya kusema hapana pale ambapo wengine wamekwisha kusema ndiyo? Nimeziona bendi nyingi za Dar es Salaam na Nairobi zikianza kwa moto na kuzimika mapema, na sikumbuki hata moja iliyokufa kwa kukosa kipaji. Zilikufa kwa mambo ambayo hayakuzungumzwa wakati watu bado wanapendana.

Katika makala haya nitaishika bendi moja na kuwaonyesha ilivyoanza, kisha nitaeleza linalofaa kwetu na lisilofaa. Bendi hiyo ni R.E.M., ya mji mdogo wa Athens katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Wengi wenu mnaijua kwa nyimbo zake za miaka ya 1990, ilipokuwa tayari imejaza viwanja vya mpira. Mimi nataka tuitazame miaka yake ya mwanzo kabisa, 1980 hadi 1983, kwa sababu karibu kila walilolifanya wakati huo linawezekana kwa vijana wanne wa Kinondoni au South B wenye nia na adabu ya kazi.

Peter Buck alikuwa muuzaji katika duka la santuri liitwalo Wuxtry. Michael Stipe, mwanafunzi wa sanaa katika Chuo Kikuu cha Georgia, alikuwa mteja wake. Walijikuta wanapenda wanamuziki walewale: Patti Smith, Television, Velvet Underground. Kwa upande mwingine walikuwapo Mike Mills na Bill Berry, mmoja wa besi na mwingine wa drams, waliokuwa wakipiga pamoja tangu sekondari huko Macon. Bendi ikapatikana pale jozi hizi mbili zilipokutana. Angalieni jinsi zilivyokamilishana. Jozi moja ilikuwa na masikio na fikra, nyingine ilikuwa na mkono uliozoeana. Buck hakuwa fundi wa gitaa wakati ule, na badala ya kujilazimisha kupiga solo ndefu akajijengea mtindo wa kuchambua nyuzi moja moja, mtindo ambao baadaye uliigwa na bendi chungu nzima. Lakini nyuma yake kulikuwa na besi na drams zisizoyumba.

Hili ndilo ninalowaomba mlitafute kwanza: mpiga besi na mpiga drams wanaoelewana. Mwimbaji anaweza kukua akiwa jukwaani. Mpiga gitaa anaweza kujificha nyuma ya udhaifu wake hadi augeuze kuwa mtindo. Mdundo ukiwa legelege hakuna pa kujificha, na wasikilizaji watajua hata kama hawawezi kueleza kilichoharibika. Katika miji yetu wapigaji wazuri wa vyombo hivi viwili wamelelewa makanisani. Wanapiga kila Jumapili, wanajua kufuata kiongozi, wanajua kubadili ufunguo bila kuambiwa mara mbili. Mkimpata kijana wa namna hiyo, heshimuni ratiba yake ya kwaya na heshimuni imani yake. Kama kuna wimbo hataki kuupiga, mjue mapema. Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy, iliyoanza mwaka 2002, nako mtakuta vijana wanaosoma muziki kwa dhati na ambao wangefurahi kusikia jambo jipya.

Kabla ya kumkaribisha mtu rasmi, pigeni naye mara kadhaa bila kumpa ahadi. Tazameni kama anafika kwa wakati, kama anasikiliza wakati yeye hapigi, kama akirekebishwa ananuna. Kipaji kikubwa chenye tabia ya kuchelewa kitawagharimu zaidi ya kipaji cha wastani kinachofika na daftari. Huyu mwenye daftari ndiye mtakayekuwa naye baada ya miaka mitano.

Tarehe 5 Aprili 1980 wanne wale wa Athens walipiga kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Ilikuwa sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yao, katika kanisa kuukuu lililoacha kutumika kwa ibada, ambamo Buck na Stipe walikuwa wamepanga. Hawakuwa na jina la kudumu, na nyimbo nyingi walizopiga zilikuwa za watu wengine. Jina walilipata baadaye kwa kufungua kamusi bila mpangilio. Kuhusu jina sina mengi: liwe fupi, litamkike, lisiwe linatumiwa na msanii mwingine kwenye YouTube, Boomplay au Mdundo, na msilibadilishe kila mkigombana.

Mji wa R.E.M. ulikuwa umeandaliwa na wengine. Bendi za The B-52's na Pylon zilikuwa zimetangulia, zikipiga kwenye majumba ya marafiki kabla ya kumbi, na mpiga drams wa Pylon, Curtis Crowe, alihusika kuanzisha 40 Watt Club, ukumbi uliokuja kuwa nyumba ya muziki wa Athens. Kwa hiyo R.E.M. walikuta watu waliokwisha kuzoea kutoka usiku kwenda kusikiliza bendi ya jirani. Sisi hatuna mengi ya namna hiyo, lakini tuna mbegu zake. Nairobi ina wapenzi wa roki ambao hawajai uwanja, lakini ni waaminifu, na bendi kama ParkingLotGrass zimewapigia kwa miaka. Alliance Française na Goethe-Institut, Nairobi na Dar, huwapa nafasi wanamuziki ambao redio haziwajui. Dar kuna Nafasi Art Space, Mikocheni. Nendeni huko kama watazamaji kwanza. Lipeni kiingilio, kaeni hadi mwisho, msaidieni bendi nyingine kukunja nyaya. Siku yenu ikifika mtakuta watu wanaowajua kwa sura.

Sasa tuje kwenye vyombo, maana hapa ndipo mambo mengi huharibikia bila mtu kuona. Sisi wenyewe tuna historia ndefu ya jambo hili. Katika muziki wa dansi wa Tanzania bendi kubwa nyingi hazikuwa mali ya wanamuziki. Vyombo vilikuwa vya shirika, jumuiya au mfanyabiashara, na mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi. NUTA Jazz ilianzishwa miaka ya 1960 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA, bendi nayo ikawa JUWATA Jazz. Kikageuka tena kuwa OTTU, bendi ikaitwa OTTU Jazz. Baadaye ndipo ilipojulikana kwa jina lisilo la mwajiri, Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la Tanzania Transport and Taxi Services, kisha ikawa ya shirika jingine, DDC. Mfumo ule ulikuwa na wema wake, na sipendi kusikia ukibezwa. Mwanamuziki alipata mshahara, chombo kikiharibika hakuhangaika yeye kutafuta pesa ya fundi, na tumerithi muziki usiozeeka. Lakini aliyekosana na mwajiri alitoka mikono mitupu, na wapigaji walikuwa wakihama makundi kwa makundi kumfuata mwenye vyombo vipya.

Bendi huru ya roki inaanza upande wa pili wa historia hiyo, na haina budi kujua imechagua nini. Kila mmoja awe na chombo chake mwenyewe, hata kikiwa cha mkono wa pili, hata nyuzi zikiwa zimechoka. Vitu vya pamoja, yaani spika, mikrofoni na mixa, vinunuliwe kwa pesa ya pamoja na viandikwe. Mjomba akijitokeza kuwanunulia amplifaya, mshukuruni kwa moyo wote, kisha muulizeni mbele ya wote: ni zawadi, ni mkopo, au unataka sehemu ya bendi? Jibu lolote kati ya hayo linaweza kuwa sawa. Kutokuwa na jibu ndiko kutakakowavunja.

Na hapo ndipo daftari linapoingia. Kikundi cha akiba cha VICOBA cha akina mama wa mtaani kina katiba, kina mweka hazina, kina adhabu ya anayechelewa. Bendi ya vijana wanne wenye shahada zao haina hata karatasi. Wakiulizwa kwa nini, husema sisi ni marafiki. Akina mama wale pia ni marafiki, na urafiki wao umedumu kwa sababu hakuna anayelazimika kukumbuka nani alisema nini.

The Smiths wa Manchester ni mfano mchungu kuliko yote ninayoijua. Walianza mwaka 1982, wakavunjika 1987, na katika miaka hiyo michache walitoa nyimbo zinazopendwa mpaka leo. Mkataba wao na lebo ya Rough Trade uliwekwa saini na wawili tu, Morrissey na Johnny Marr. Mpiga besi Andy Rourke na mpiga drams Mike Joyce walikuwa wakipata asilimia 10 kila mmoja ya mapato ya rekodi na maonyesho. Hakukuwa na makubaliano ya maandishi kati yao. Mwaka 1996, miaka tisa baada ya bendi kufa, Joyce alikwenda mahakamani akashinda. Jaji alisema sheria ya Uingereza inawahesabu kuwa washirika sawa kwa kuwa hakukuwa na makubaliano mengine yaliyothibitika, hivyo haki yake ilikuwa robo. Watu waliotengeneza kitu kizuri namna ile wakamalizana mbele ya mawakili. Inaniuma kila nikisikiliza santuri zao.

R.E.M. walifanya kinyume, na walifanya mapema. Nyimbo zote ziliandikwa kwa majina ya wote wanne, Berry, Buck, Mills na Stipe, bila kujali nani alikuja na wazo, na mapato yake yakagawanywa sawa. Uamuzi mkubwa ulihitaji wote wakubali, na mmoja akikataa, jambo limekwisha. Kuna watakaosema hii si haki kwa mtunzi, na hoja yao ina uzito. Kama ninyi mnaona anayetunga mashairi na sauti apate zaidi, andikeni hivyo. Maoni yangu ni kwamba kwa bendi changa mgawanyo sawa ni bora, kwa sababu unaondoa ugomvi wa siri: mpiga drams hatapigania wimbo wake mbaya uingie kwenye albamu kwa ajili ya mirabaha, na mtunzi hatahofia kumpa mpiga besi nafasi ya kubadili ubeti. Wimbo utashinda kwa ubora wake.

Andikeni ukurasa mmoja. Jina la bendi ni la nani, na anayeondoka anaweza kulitumia? Nyimbo zilizokwisha kutungwa zinagawanywaje, na aliyetoka anaendelea kupata sehemu yake? Vitu vya pamoja vinathaminiwaje mtu akitoka? Nani anashika pesa, na nani anamkagua? Mtu akikosa mazoezi bila taarifa inakuwaje? Wekeni saini, kila mmoja abaki na nakala. Siku mtakayouandika mtaona aibu kidogo, na ni kawaida. Msiahirishe kwa sababu hiyo.

Jambo lingine la kujua kabla ya kuingia studio ni kwamba wimbo mmoja hubeba haki mbili. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani maneno na sauti, na hiyo ni ya waliotunga. Ya pili ni ya rekodi yenyewe, na mara nyingi hudaiwa na aliyelipia studio. Prodyuza akiwaambia "njooni nitawarekodi bure", muulizeni kwa upole rekodi itakuwa ya nani. Sajilini kazi zenu mapema: Tanzania nendeni Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, na pia baraza la sanaa, BASATA; Kenya nendeni KECOBO, ambayo ndiyo inayosimamia vyama vya kukusanya mirabaha. Foleni ni ndefu kidogo na fomu zinachosha. Nendeni tu.

Mazoezi yawe siku ileile na saa ileile kila wiki. Kelele za drams zitawaletea majirani, kwa hiyo nendeni kwao kabla hawajaja kwenu, mkakubaliane muda wa kumaliza na muwape namba ya simu ya mmoja wenu. Umeme ukikatika, fanyeni sauti na gitaa kavu, maana wimbo usiosimama bila amplifaya haujaiva. Rekodini kila mazoezi kwa simu, kisha kila mtu asikilize akiwa peke yake. Mtasikia makosa ambayo hakuna rafiki angethubutu kuwatajia. Mwanzoni pigeni nyimbo za watu wengine bila haya, kama R.E.M. walivyofanya, mradi kila mwezi nyimbo zenu ziongezeke na za kuazima zipungue.

Na mwimbe kwa lugha gani? Hapa nina msimamo. Stipe aliimba kwa sauti ya kusini mwa Marekani, akinong'ona na kumung'unya maneno, na bendi haikujaribu kujifanya ya London wala New York. Watu wakawafuata hukohuko walikokuwa. Mwimbaji wa Tandale anayeimba Kiingereza cha California anajinyima silaha yake kubwa. Imbeni kwa lugha mnayogombania, iwe Kiswahili, Sheng, au mchanganyiko wa kweli wa nyumbani kwenu. Kuna ufundi wake. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno yetu huishia kwa irabu, ilhali muziki wa roki umezoea maneno mafupi ya Kiingereza yanayokatika ghafla kwenye pigo. Mkilazimisha silabi ya mwisho iangukie kwenye pigo zito, wimbo utasikika kama umetafsiriwa. Jaribuni kuimba maneno kama "nimekungoja kituoni": acheni "ngo" na "o" ziangukie kwenye mapigo mazito, na silabi nyingine zikimbie katikati. Irabu ile ndefu ya mkazo ndiyo mtakayoivuta juu ya gitaa linalonguruma, na hapo mtagundua kuwa lugha hii inafaa kwa roki kuliko wengi wanavyodhani.

Rekodi ya kwanza isiwe albamu. R.E.M. walitoa wimbo wao wa kwanza, "Radio Free Europe", mwezi Julai 1981 kwa lebo ndogo ya Hib-Tone. Zilichapwa nakala 1,000 tu, na 600 kati yake zilitolewa bure kwa waandishi, redio na watu wa muziki. Toleo lile la kwanza halikuwa hata na anwani ya lebo. Hata hivyo mwisho wa mwaka New York Times iliuweka kati ya nyimbo kumi bora za 1981, na nakala 6,000 zaidi zikahitajika. Kuna mafunzo mawili ya haraka. Nakala nyingi ziende kwa watu wachache wanaosikiliza kwa makini na wanaoweza kuwaambia wengine. Na jina lenu, majina ya watunzi na namba ya simu viandikwe ndani ya kila faili mnayotuma, maana wimbo ukizunguka WhatsApp bila jina ni kazi mliyoitupa.

Chagueni nyimbo mbili au tatu ambazo watu wameshazicheza ukumbini, mkaingie studio mkiwa mmeiva, mrekodi mdundo kwa kupiga wote pamoja, mtoke. Walichofanya R.E.M. baadaye na prodyuza kinafaa kukumbukwa. Walirekodi nyimbo zao za mwanzo kwa Mitch Easter, aliyekuwa na studio ndogo kwenye gereji ya wazazi wake huko North Carolina. Lebo ya I.R.S., waliyotia saini nayo mwaka 1982, iliposhika hatamu na kutaka kuandaa albamu ya kwanza, iliwajaribisha na Stephen Hague, prodyuza mwenye nidhamu ya mashine, aliyewarudisha mara nyingi katika wimbo mmoja na kuongeza sauti za kinanda cha umeme wasizozitaka. Bendi ikaomba kurudi kwa Easter, safari hii akiwa na Don Dixon. Albamu iliyotokea, Murmur, ilitoka Aprili 1983, na jarida la Rolling Stone liliichagua kuwa albamu bora ya mwaka, katika mwaka ambao Thriller ya Michael Jackson ilikuwa kila mahali. Hague hakuwa prodyuza mbaya, alikuja kufanya kazi nzuri na wengine. Hakuwa wa bendi ile. Mkitafuta prodyuza, msiulize kwanza ametoa nyimbo ngapi kubwa. Muombeni awaeleze anachokisikia katika muziki wenu, na akianza kwa kueleza atakachoongeza, endeleeni kutafuta.

Kati ya onyesho la kwanza na Murmur kulikuwa na miaka mitatu ya barabara. Meneja wao, Jefferson Holt, aliendesha gari kuukuu la buluu, wakazunguka miji ya kusini wakipiga kwenye baa na mahali popote palipowapokea, kila mmoja akiwa na dola 2 za chakula kwa siku. Holt walikutana naye North Carolina, kwenye onyesho lao la kwanza nje ya jimbo lao, akawapenda akahamia Athens. Rafiki yao Bertis Downs, aliyekuwa akisomea sheria, akawa mshauri wao wa mikataba. Hao ndio mameneja wa kweli wa bendi changa: mtu anayefika na mtu anayesoma maandishi madogo. Anayewaahidi kuwapeleka Ulaya kabla hajawahi kubeba spika yenu, mshukuruni. Akifika wa kweli, asilimia 15 hadi 20 ya mapato ni kiwango cha kawaida, na kihesabiwe baada ya gharama za safari.

Msikimbilie miji mingi. Chagueni njia fupi, mrudi na kurudi: Nairobi, Nakuru, Eldoret, au Dar, Morogoro, Dodoma. Mara ya kwanza watakuja marafiki wa marafiki. Mara ya tatu mtaona sura msizozijua zikiimba kiitikio. Kabla ya kuondoka nyumbani, kubalianeni na mwenye ukumbi kwa ujumbe ulioandikwa: kiingilio ni kiasi gani na kinagawanywaje, nani analeta vyombo vya sauti, nani ni fundi mitambo, mnapiga saa ngapi, mnakula nini, mnalala wapi. Kupiga bure si dhambi, hasa kwa hafla ya shule au ya msaada, lakini kama mwenye baa anauza bia kwa sababu yenu, ninyi mna fungu katika bia hiyo. Fugazi wa Washington walikuwa bendi kubwa ya roki huru na bado walishikilia kiingilio cha karibu dola 5, na wakakataa kumbi zilizowafungia nje watoto wa shule. Kumbukeni kwamba mashabiki wenu wa kwanza wengi hawaruhusiwi kuingia baa. Tafuteni Jumamosi ya mchana, ukumbi wa shule, uwanja wa kanisa.

Baada ya onyesho, hesabuni pesa usiku uleule, wote mkiwa mmesimama hapo. Toeni nauli na deni kwanza, wekeni fungu la bendi, gawaneni kinachobaki hata kikiwa cha chapati na chai. Pesa inayolala kwa mtu mmoja hadi Jumatatu huzaa maneno.

Kuhusu kugawa muziki bure, tazameni Arctic Monkeys wa Sheffield. Walianza 2002 wakiwa vijana wa jirani, wakawa wanagawa CD za nyimbo zao kwenye maonyesho. Mashabiki wakaziweka kwenye intaneti na kupeana. Walipotia saini na lebo ya Domino mwaka 2005, kumbi zilikuwa tayari zimejaa watu wanaojua maneno yote, na albamu yao ya Januari 2006 iliuza zaidi ya nakala 360,000 wiki ya kwanza, rekodi ya albamu ya kwanza ya bendi nchini Uingereza wakati huo. Waligawa nakala, haki hawakugawa. Hapa kwetu Just a Band, vijana waliokutana Chuo Kikuu cha Kenyatta, hawakuwa bendi ya roki, lakini video yao ya "Ha-He" ya mwaka 2010 walijitengenezea wenyewe, na mhusika wake Makmende akaenea kila simu ya Kenya bila kampuni kubwa kuwasukuma. Ombeni namba za simu kila onyesho. Orodha ya watu mia mbili waliowahi kulipa kiingilio ina thamani kuliko maelfu waliobonyeza alama ya kupenda wakapita.

Jambo moja la R.E.M. msiliige. Wote wanne waliacha chuo. Athens ilikuwa na kodi nafuu na kazi za saa chache kila kona. Sisi hatuna hayo, na wengi wenu mna wadogo zenu wanaosubiri ada. Shikeni kazi zenu. Mpiga gitaa mwenye mshahara hununua nyuzi, na bendi yenye watu wenye mshahara haisaini mkataba kwa njaa.

Na mkataba utakuja, kama mmedumu. Mwanzoni mwa 1982 kampuni kubwa ya RCA iliwarekodi R.E.M. kwa majaribio, lakini Mei mwaka huo walitia saini na I.R.S., lebo ndogo zaidi iliyowaacha wawe walivyo, na hawakuhamia kampuni kubwa, Warner, hadi 1988. Mkataba ukiwekwa mezani, tafuteni wakili wa kwenu, si wa lebo. Ulizeni miaka mingapi, albamu ngapi, rekodi zinabaki kwa nani na zinarudi lini, nani anaamua nyimbo zipi zitoke, gharama za video zinakatwa wapi, na kama jina la bendi limeingizwa humo. Saini ziwe za wote, kila aliyemo kwenye bendi. Chukueni karatasi nyumbani, msome kwa sauti pamoja, kifungu kwa kifungu, mkiwa na ule ukurasa wenu wa kwanza pembeni ili muone vinapogongana. Wakiwaambia lazima msaini leo hiihii, inukeni muage kwaheri kwa heshima.